Sura ya Saba: Jokofu la Umbo Gani, na la Ukubwa Gani?

Kila mwenye nyumba anayeazimia kulitengeneza jiko lake upya, baada ya kukubaliana na mwashi juu ya vigae na kukubaliana na seremala juu ya makabati, hufikia swali moja ambalo aghalabu huulizwa likiwa limekwisha chelewa: tununue jokofu la umbo gani, na la ukubwa gani? Huchelewa kwa sababu jokofu hudhaniwa kuwa pambo la mwisho, kitu cha kuletwa na hamali siku ya kumaliza kazi na kusukumwa katika pembe iliyobaki tupu, ilhali kwa hakika ndilo kubwa kuliko vyombo vyote vya jikoni, ndilo pekee lisilopumzishwa usiku wala mchana, na ndilo pekee ambalo likikosewa kipimo haliwezi kupunguzwa kwa msumeno wala kurefushwa kwa kipande cha ubao. Kabati likizidi upana kwa inchi moja, seremala hulichonga likaingia. Jokofu likizidi kwa inchi moja, hubomolewa ukuta.

Rai ya sura hii ni kwamba jokofu lichaguliwe kwanza na jiko lijengwe kwa kulifuata; na kwamba kwa aila nyingi za pwani yetu, zinazokwenda sokoni mara kwa mara na kukatikiwa na umeme mara kwa mara, jokofu la wastani lenye milango miwili, likisaidiwa na friza ya sanduku iliyowekwa nje ya jiko, lafaa kuliko lile jokofu kubwa la milango ya ubavuni ambalo maduka huliweka mbele ili livutie macho. Rai hii si ya kila mtu, na nitaonyesha ni nani asiyehusika nayo.

Njia kabla ya mahali

Kabla hujapima mahali litakaposimama jokofu, pima njia litakayopita kufika hapo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na katika mitaa ya kale ya Mombasa na Lamu, gari haliingii vichochoro vingi, na mzigo humaliza safari yake juu ya mkokoteni au mabegani mwa watu. Kisha hufika mlangoni, na mlango wenyewe, ukiwa ni ule wa kuchonga wa zamani, una pande mbili, na katikati umesimama mfaa, yaani ule ubao mnene uliopambwa ambao umeshikamana na upande mmoja, na desturi ya nyumba nyingi ni kufungua upande mmoja tu kwa matumizi ya kila siku. Basi usipime uwazi wa upande mmoja ukakata tamaa, wala usipime uwazi wa pande zote mbili ukasahau kizingiti cha chini, ambacho huwalazimu wachukuzi kuuinamisha mzigo na kwa hiyo kuhitaji nafasi zaidi juu. Katika maghorofa ya Upanga au Kariakoo jijini Dar es Salaam, pima lifti, na pima kile kituo cha ngazi zinapogeukia, kwa maana kitu chenye kimo cha sentimita 178 hakipindi kona kama apindavyo mtu mwenye kikapu.

Kumbuka kuwa kartoni huongeza sentimita kadhaa kila upande, na kwamba milango ya majokofu mengi makubwa huweza kufunguliwa kwa bisibisi na kurudishwa ndani. Muulize muuzaji jambo hilo kabla ya kulipa, na kama hajui, omba kitabu cha maelekezo ukisome papo hapo dukani. Hiyo ni haki ya mnunuzi.

Upana, kimo, kina, na pumzi

Jokofu lina vipimo vitatu vinavyoandikwa, ambavyo ni upana, kimo na kina, yaani urefu wa kutoka mbele hadi nyuma. Lakini lina na cha nne ambacho watu hukisahau, nacho ni pumzi. Jokofu halitengenezi baridi. Hulitoa joto lililomo ndani na kulimwaga nje, na joto hilo lisipopata pa kwenda hurudi kuzunguka mwili wa jokofu lenyewe, na mashine inayosukuma gesi, iitwayo kompresa, ikawa haipumziki mpaka ikafa kabla ya ajali yake. Zamani joto hilo lilimwagwa na zile bomba nyeusi zilizoonekana wazi mgongoni. Majokofu mengi ya siku hizi yamezificha bomba hizo chini ya bati la ubavuni, na ndiyo maana mtu akiligusa ubavu hulikuta moto akadhani limeharibika, kumbe ndivyo lilivyoundwa. Natija yake kwa mtu anayejenga jiko ni kubwa: seremala akilibana jokofu la namna hiyo kati ya makabati mawili kwa kupenda unadhifu wa mstari, amelifunga pumzi. Fuata nafasi iliyoandikwa katika kitabu chake, na kikikosekana, acha walau sentimita 5 kila ubavu na nyuma, na sentimita 10 juu.

Sasa tuchukue jiko moja na kulipima. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa dari za boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa, ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu tu au pungufu. Tuseme jiko lina upana wa sentimita 280. Upande mmoja pana kaunta ya kina cha 60, ambacho ndicho kina cha kawaida cha makabati ya chini. Upande wa pili tunaweka jokofu la upana wa 60 na kina cha 70, pumzi ya nyuma ikiwamo. Katikati zimebaki 150. Mlango ukifunguliwa wazi hula 60, na zilizobaki 90 zamtosha mtu mmoja mwenye sufuria mkononi.

Badala yake tuweke jokofu kubwa la milango ya ubavuni, lenye upana wa 91 na kina cha 85 pamoja na mpini na pumzi. Katikati zimebaki 135, lakini kila mlango wake una upana wa 45 tu, basi ukifunguliwa zinabaki 90 zilezile. Kwa hesabu hiyo mnunuzi hushawishika kwamba hakupoteza kitu, na hapo ndipo anapokosea, kwa sababu alichokipoteza hakiko mbele bali kiko ubavuni: sentimita 31 za urefu wa ukuta, ambazo ni nafasi ya ubao wa kukatia, au ya mbuzi wa nazi na sufuria ya tui, au ya sinia la sambusa linalosubiri kukaangwa. Katika jiko jembamba nafasi hiyo ina thamani kuliko rafu yoyote ya baridi.

Yako mambo mawili madogo ya kuongezea. La kwanza, mlango wa jokofu hauna budi kufunguka kupita pembe mraba ili saraka za ndani zivutike. Jokofu likikaa kwenye kona, bawaba zikiwa upande wa ukuta, mlango hugonga ukuta na saraka ya mboga hubaki imenasa nusu ndani. Acha nafasi upande huo, au chagua jokofu ambalo bawaba zake huhamishika. La pili, mlango ufungukie upande wa kaunta, ili mtu atoapo kitu akitue palepale pasipo kuuzunguka mlango.

Lita ngapi kwa watu wangapi?

Ukubwa wa jokofu hutajwa kwa lita, na mnunuzi ajue kuwa lita hizo ni za namna mbili: ujazo wa jumla, unaohesabu hata nafasi iliyochukuliwa na rafu na saraka, na ujazo halisi, ambao ni nafasi ya chakula. Tangazo hupenda kutaja wa kwanza. Wewe uliza wa pili, na uuulize mbalimbali, lita ngapi za upande wa baridi na ngapi za upande wa barafu, kwa maana majokofu mawili ya lita 350 yaweza kuwa na tabia zilizoachana kabisa.

Idadi ya watu peke yake haitoshi kuamua. Watu sita wanaoishi karibu na soko, ambao mchicha wao hununuliwa asubuhi na samaki wao hununuliwa jioni boti zinaporudi, wanahitaji jokofu dogo kuliko watu watatu wanaokwenda kununua mara moja kwa juma. Kwa hiyo mimi huhesabu hivi, kwa upande wa baridi tu: anza na lita 60 za vitu vya pamoja, yaani maji, maziwa, mayai, sharubati na mabaki ya chakula, kisha ongeza kwa kila mtu alaye nyumbani lita 20 ikiwa soko ni la kila siku, lita 30 ikiwa ni la mara mbili kwa juma, na lita 45 ikiwa ni la mara moja. Aila ya watu sita iendayo sokoni mara mbili kwa juma hupata lita 240. Hiyo si kanuni ya kiwanda, bali ni kadirio la kumzuia mtu asinunue kwa macho.

Na usiwahesabu wageni. Wageni wa harusi na wa maulidi huja na kuondoka, na sufuria ya biriani ya watu hamsini haiingii jokofu lolote la nyumbani, la lita 300 wala la lita 600. Kadhalika vipo vyakula vinavyojaza jokofu pasipo haki: ndizi mbichi haziivi vizuri humo bali hupiga weusi, vitunguu na viazi hupenda mahali pakavu penye hewa, na nyanya hupoteza ladha. Nimeyaona majokofu mengi yaliyosemwa kuwa yamejaa, na yalipotolewa vitu hivyo yakabaki na rafu nzima tupu.

Upande wa barafu una hesabu yake tofauti, nayo hufuata kalenda. Katika Ramadhani nyumba nyingi hutayarisha kabla vitu vya futari, na siku ya Idi ya kuchinja nyama ya udhia humiminika nyumbani kwa saa chache. Hapo lita si kitu peke yake. Karibu na bawaba, au ndani ya mlango, jokofu hubandikwa karatasi yenye maelezo yake, na mojawapo ya mistari yake husema uwezo wa kugandisha, mathalani kilo 4 kwa saa 24. Maana yake ni kwamba ukilitia kilo 15 za nyama yenye joto la mwili wa mnyama kwa mkupuo mmoja, halitaigandisha siku hiyo wala siku ya pili, na nyama iliyo katikati ya lundo itaharibika ikiwa ndani ya barafu. Mwenye kupokea udhia nyingi anahitaji friza ya kweli, si jokofu kubwa zaidi.

Kwa ufupi: hesabu upande wa baridi kwa watu na soko, hesabu upande wa barafu kwa sikukuu na samaki, na usikubali jumla moja ikufichie viwili hivyo.

Maumbo yaliyomo madukani

Jokofu la mlango mmoja, ambalo huanzia lita 90 na kufika hata 200 na zaidi, lina kijumba kidogo cha barafu ndani yake. Ni rahisi, halina mengi ya kuharibika, na kila fundi wa mtaani hulijua. Lafaa kwa mtu mmoja, kwa mke na mume walioanza maisha, au kwa nyumba ya watu wengi waliokaribiana na soko. Kasoro yake iko katika kile kijumba, nacho hutambulikana kwa nyota zilizochapwa juu ya mlango wake:

- Nyota moja: nyuzi 6 chini ya sifuri. Ni mahali pa barafu ya maji tu, na chakula kilichogandishwa hakikai humo ila siku chache.
- Nyota mbili: nyuzi 12 chini ya sifuri.
- Nyota tatu: nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo chakula kilichogandishwa hudumu miezi.
- Nyota nne, moja ikiwa kubwa kuliko wenziwe: nyuzi 18 chini ya sifuri, na uwezo wa kugandisha chakula kibichi.

Mtu anayenunua nguru mzima akamkata vipande vya mwezi mmoja asitazame lita kabla hajatazama nyota.

Jokofu la milango miwili, mmoja juu ya mwenziwe, barafu ikiwa juu na baridi ikiwa chini, ndilo umbo ninalolipendekeza kwa nyumba ya kawaida. Upana wake ni wa sentimita 55 hadi 70, lita zake 200 hadi 400 na kitu, na kwa kuwa upande wa barafu una mlango wake mwenyewe, watoto wakifungua mara ishirini kutafuta maji ya kunywa hawaisumbui nyama. Lipo pia la kinyume chake, barafu chini ndani ya saraka na baridi juu, na mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno atalipenda hilo, maana mboga na maji huchukuliwa mara nyingi kuliko nyama, na si vizuri kumwinamisha bibi wa nyumba kila apatapo kiu. Aghalabu huzidi bei kidogo. Kama nyumba ina mzee apikaye, lipa hiyo ziada.

Kuhusu majokofu ya milango ya ubavuni, ambayo upande mmoja wote ni barafu na mwingine wote ni baridi, na ndugu zake wa milango minne, nimekwisha sema yanavyokula ukuta. Nusu yake nyembamba haipokei sinia pana wala sufuria ya sentimita 40, nalo hilo kwa mapishi yetu ni nakisi kubwa. Lile la milango minne, ambalo sehemu ya juu yake huwa pana kwa kuungana, limeirekebisha nakisi hiyo, na kama jiko ni pana, umeme ni wa kutegemewa, na nyumba yanunua mara moja kwa juma, sina neno dhidi yake. Ila bomba la maji na barafu mlangoni usiliendee mbio: lataka mfereji wenye nguvu ya maji ya kudumu na chujio la kubadilishwa, na nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya kisima yenye chumvi.

Lipo jokofu la kufichwa ndani ya kabati, ambalo mlango wake huvikwa ubao wa seremala lisionekane. Kwa kawaida ya Ulaya hujengewa shubaka lenye upana wa sentimita 56 na kimo cha 178. Ni zuri kwa macho, lakini lina lita chache kwa bei kubwa, lataka njia maalumu ya kupitisha hewa chini na juu, na siku litakapokufa itakubidi utafute lingine la kipimo kilekile ama ubomoe kabati. Silipendekezi kwa pwani.

Yabaki friza ya sanduku, ile inayofunguliwa kwa kifuniko cha juu. Kwa kuwa baridi ni nzito na hukaa chini, kifuniko kikifunguliwa haimwagiki kama inavyomwagika katika mlango wa kusimama. Na umeme ukikatika, friza iliyojaa na kuachwa imefungwa huweza kuhifadhi chakula katika barafu kwa muda wa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24, ilhali upande wa baridi wa jokofu la kawaida hauvuki saa 4. Watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa thamani ya saa hizo: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa bila ya umeme unaotoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari, na waliokuwa na jenereta ya kuwashwa saa chache kwa siku waliweza kuiokoa friza ya sanduku. Nayo haihitaji kuwa jikoni. Weka ukumbini nyuma, au stoo, mahali pakavu penye kivuli na hewa, na jiko lako jipya utalipunguzia mzigo.

Harara, umeme na gesi

Jokofu huundwa kwa hali fulani ya hewa, na herufi zake zimeandikwa katika karatasi ileile ya ndani. SN ni la chumba chenye joto la nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Jiko la Tanga au la Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa sita mchana, meko mawili yakiwaka, hupita nyuzi 32 pasipo shaka. Kwa hiyo tafuta T, au ST kwa uchache. Jokofu la N halitakufa siku hiyo, lakini kompresa yake haitanyamaza, na maziwa hayatafika zile nyuzi 4 zinazotakiwa.

Umeme hupimwa kwa uniti, zile tunazozinunua kwa LUKU. Jokofu la milango miwili la lita 300 katika harara yetu hula takriban uniti moja kwa siku, na kubwa la lita 600 laweza kula moja na nusu hadi mbili. Kwa mteja wa matumizi madogo nchini Tanzania, ambaye bei yake nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi, la kwanza lachukua 30 katika hizo, na la pili lachukua 45 hadi 60 kabla taa haijawashwa. Majokofu yenye kompresa ya mwendo wa kubadilika, ambayo badala ya kuwaka kwa nguvu na kuzima hupunguza mwendo wake kadiri baridi inavyotosha, hula kidogo zaidi, na bei ya ziada hurudi kwa miaka.

Kinachoua majokofu mengi kwetu, hata hivyo, si kukatika kwa umeme bali kurudi kwake. Umeme ukirudi ghafla, wakati shinikizo la gesi ndani ya bomba halijatulia, kompresa hujaribu kuanza na mzigo mzito, na huenda ikaungua. Nunua kile kifaa cha plagi kinachochelewesha umeme dakika kadhaa, ambacho mafundi hukiita friji gadi. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa. Na jokofu liwe na soketi yake peke yake, yenye waya wa ardhi, isiyokaa nyuma ya jokofu bali kando au juu, ili mkono uifikie bila kulisogeza. Mwambie fundi umeme kabla mwashi hajapiga lipu.

Ama gesi, zile za zamani ziliharibu tabaka la ozoni, ambalo huikinga dunia na ukali wa jua, zikapigwa marufuku kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Zilizofuata zilikutwa zinaongeza joto la dunia, na ilikuwa mjini Kigali, Oktoba 2016, mataifa yalipokubaliana kuzipunguza nazo. Majokofu mapya mengi ya nyumbani hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo haina madhara hayo mawili kwa kiasi cha kutisha, na hula umeme kidogo, lakini huwaka moto. Iliyomo ndani ni makumi machache ya gramu, si ya kumtia mtu hofu; ila fundi asiyeijua asiruhusiwe kuchomea bomba zake kwa moto, na karatasi ya kila jokofu jipya isome kabla hujalikabidhi kwa fundi yeyote.

Majokofu ya mtumba

Wengi hununua majokofu yaliyokwisha tumika, yaliyoshushwa bandarini kutoka Ulaya na Ghuba, na si jambo la kulaumiwa, kwa maana mengine yana mwili imara. Tazama mambo manne. Herufi ya hali ya hewa, kwani mengi ya Ulaya ni ya N au SN. Nguvu ya umeme, kwani la Marekani la volti 110 hadi 120 halifai katika soketi zetu za 230. Mpira wa mlango: funga karatasi katikati yake kisha ivute, nayo ikitoka bila ya kukaza, baridi nayo yatoka. Na kutu chini na mgongoni, ambayo kwa hewa yetu ya chumvi ikishaanza haisimami. Jokofu la mtumba lililopungua bei kwa nusu lakini linakula umeme maradufu si rahisi. Ni deni la kila mwezi.

Karatasi ya kumpa seremala

Ukishachagua, usimpe seremala jina la jokofu, mpe vipimo kwa maandishi:

- Upana, kimo na kina cha jokofu, mpini ukiwamo.
- Pumzi ya kila upande, na mahali hewa itakapotokea juu.
- Upande wa bawaba, na upana wa mlango ukiwa wazi.
- Mahali pa soketi.
- Umbali kutoka kwenye meko. Ikiwa vitu hivyo viwili havina budi kukaribiana, kuwe na kabati la sentimita 30 katikati.

Shubaka lake liwe pana kuliko jokofu unalolinunua leo, kwa maana makabati mazuri huishi kuliko majokofu, na litakalokuja baada yake huenda likawa na sentimita tano zaidi. Kwa jokofu lenye upana wa 60, shubaka la sentimita 75 si ufujaji.

Likiletwa, lisimamishwe mahali pake na kusawazishwa kwa miguu yake ya mbele hadi mlango ujifunge wenyewe. Kama lilisafirishwa limelala, liache limesimama saa kadhaa, au usiku kucha, ili mafuta yaliyokimbilia kwenye bomba yarudi katika kompresa. Kisha liwashe likiwa tupu, na chakula kitiwe kesho yake.